Tuvix na Kimya cha Wenzake

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mgonjwa wa Star Trek. Rafiki zangu wa chuo wanajua na wengine bado wananicheka: mwandishi wa habari mzima, mtu anayeamka alfajiri kufuatilia bei ya mahindi na vikao vya madiwani, usiku anakaa kutazama watu waliovaa sare za kubana wakizunguka kwenye nyota. Sawa, chekeni. Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani na jamaa wawili ninaopanga nao, tukachomeka flashi kwenye televisheni, na kipindi kimoja cha mwaka 1996 kikatufanya tubishane mpaka saa tisa usiku. Jumapili niliamka bado nabishana, safari hii peke yangu. Ndiyo maana naandika.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, nitasimulia. Star Trek: Voyager ni tamthilia ya Marekani iliyoanza Januari 1995. Chombo cha anga kiitwacho Voyager kinatupwa mbali mno na nyumbani, umbali ambao hata mwanga ungetumia miaka 70,000 kuumaliza. Kwa mwendo wa chombo chao, mabaharia wanahesabu kwamba watafika baada ya miaka 75 hivi. Nahodha ni mwanamke, Kathryn Janeway, aliyeigizwa na Kate Mulgrew. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tamthilia ya Star Trek kumkalisha mwanamke kwenye kiti kile kama mhusika mkuu.

Kipindi chenyewe kinaitwa "Tuvix", na kilirushwa tarehe 6 Mei 1996. Mabaharia wawili, Tuvok na Neelix, wameshuka kwenye sayari kukusanya mimea. Tuvok ni mkuu wa ulinzi, mtu wa mantiki tupu, hacheki wala hanuni. Neelix ni mpishi, mcheshi, anaongea kuliko redio. Hawaivi chungu kimoja. Wakati wa kurudi wanapita kwenye ule mtambo maarufu wa Star Trek unaouvunja mwili huku na kuujenga upya kule. Ua la okidi walilolichuma linavuruga kila kitu, na badala ya kutoka watu wawili anatoka mmoja. Ana kumbukumbu zote za Tuvok na zote za Neelix, lakini yeye si Tuvok wala si Neelix. Anajipa jina: Tuvix.

Mwanzoni ni kichekesho. Wiki zinapita. Tuvix anakuwa hodari kazini, jikoni anasifiwa, ana busara, ana utani, wenzake wanamzoea na kumpenda. Halafu daktari wa chombo anapata njia ya kuwatenganisha wale wawili. Watu wote wanafurahi isipokuwa mmoja. Tuvix anasema hataki. Kuwarudisha Tuvok na Neelix ni kumuua yeye, na yeye anataka kuishi.

Nahodha Janeway analipima jambo hilo. Anazungumza faraghani na Chakotay, msaidizi wake. Anamsikiliza Kes, binti aliyempenda Neelix, anayelia akitaka mpenzi wake arudi. Kisha anaamua: Tuvix atatenganishwa, atake asitake.

Sasa ndipo linakuja tukio lililonikosesha usingizi. Tuko kwenye chumba cha usukani. Tuvix anakataa kwenda. Anawageukia wenzake, watu waliokula chakula chake, na kuwauliza kama hakuna hata mmoja anayeona kwamba hili ni kosa. Anamtazama huyu, anamtazama yule. Hakuna anayefungua mdomo. Walinzi wanaitwa. Akishaona hana mtu, Tuvix anawaambia kwamba kila mmoja wao atalazimika kuishi na jambo hili, na kwamba anawasamehe. Anapelekwa kwenye zahanati ya chombo. Huko daktari anagoma: kiapo chake hakimruhusu kumdhuru mtu bila ridhaa yake. Basi Janeway anaendesha mitambo kwa mkono wake mwenyewe. Tuvok na Neelix wanarudi. Nahodha anatoka, anatembea kwenye korido uso umekaza, na kipindi kinaisha pale pale. Hakuna hotuba, hakuna maziko.

Wenzangu wakaanza kubishana kama watu wanavyobishana tangu 1996: Janeway kaua au kaokoa? Mmoja, mhasibu, akapiga hesabu: maisha mawili dhidi ya moja, kuna mjadala gani hapo? Mwingine, ambaye amesoma sheria, akasema maisha ya mtu hayachukuliwi bila kosa, hata kama faida yake ni watu kumi. Ubishi huo haujaisha hata kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2023 katuni ya Star Trek: Lower Decks ilifungua msimu wake wa nne kwa kipindi kilichorudia kisa cha Tuvix kwa utani, na ndani yake wahusika wanashtuka wanaposoma alichokifanya Janeway.

Mimi nikawaambia: jamani, ngojeni kwanza. Mnamwangalia mtu asiye. Janeway angalau aliamua, akatia mkono wake, na aibu ikawa juu ya uso wake. Hebu tuwaangalie wale wengine waliosimama pale. Wale ndio sisi.

Na si kwamba walikuwa watu wa kawaida tu wasiojua dhuluma ni nini. Kumbukeni Chakotay ni nani. Kabla ya kupotea huko angani alikuwa kiongozi wa Maquis, waasi waliokataa kuona makazi ya watu yakigawiwa kwa adui kwa sababu wakubwa wamekubaliana mezani. Aliacha sare na cheo kwa ajili ya hilo. Sehemu kubwa ya mabaharia wa Voyager walikuwa waasi wenzake. Au mtazameni Tom Paris, rubani. Huyu alifukuzwa jeshini kwa sababu watu walikufa kwa kosa lake, akadanganya kwenye ripoti, kisha dhamiri ikamsumbua mpaka akaja kusema ukweli mwenyewe. Kama kuna mtu ndani ya chombo kile aliyejua kimya kinavyomla mtu taratibu, ni yeye. Waliowahi kuasi na waliowahi kuungama, siku ile wote walikosa sauti.

Kwa nini? Jibu la kwanza ni la kiwandani, na nitalipitia haraka. Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek aliyefariki mwaka 1991, aliamini kwamba binadamu wa karne ya 24 watakuwa wameshavuka ugomvi mdogo mdogo. Waandishi walitakiwa wasiwagombanishe mabaharia wenyewe kwa wenyewe, na wengi wao waliona sheria hiyo inawafunga mikono. Pili, tamthilia za wakati ule ziliandikwa ili kila kipindi kijitegemee. Wiki inayofuata chombo kinatakiwa kiwe kama kilivyokuwa, maana mtazamaji anaweza kukosa wiki mbili na akirudi asipotee. Tim Russ na Ethan Phillips, walioigiza Tuvok na Neelix, walikuwa wahusika wa kudumu. Tom Wright, aliyemwigiza Tuvix kwa ufundi mkubwa, alikuwa mgeni wa wiki moja. Kwa hiyo Tuvix alikuwa ameshahukumiwa kabla kamera hazijawashwa, na baharia yeyote ambaye angesimama kumtetea angeacha ufa ambao wiki inayofuata ungehitaji kuelezwa.

Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Miaka saba kabla, tarehe 13 Februari 1989, Star Trek: The Next Generation ilirusha "The Measure of a Man", kilichoandikwa na Melinda Snodgrass. Nayo ilikuwa na sheria zile zile za Roddenberry. Humo mwanasayansi mmoja anataka kumfungua Data, mtu wa kutengenezwa, ili amchunguze na kutengeneza wengine kama yeye. Data anakataa. Swali ni lile lile la Tuvix: huyu ni mtu au ni kitu? Lakini angalia tofauti. Kunaitishwa shauri. Nahodha Picard anasimama upande wa Data. Riker, ambaye ni rafiki wa Data, analazimishwa kuendesha upande wa pili, na anaumia kufanya hivyo. Watu wanasema kwa sauti, mbele ya mtu ambaye maisha yake yanajadiliwa. Data anashinda. Lakini hata angeshindwa, asingeweza kusema alikuwa peke yake.

Tuvix hakupewa wakili, hakupewa siku ya kusikilizwa, hakupewa hata mtu mmoja wa kusema "Nahodha, samahani." Wapo watakaosema Voyager ilikuwa peke yake angani, haina mahakama. Ni kweli, lakini hata mahakama haikuhitajika. Ulihitajika mdomo mmoja.

Na hapa ndugu msomaji ngoja nikutoe angani nikulete duniani, kwa sababu kimya cha wafanyakazi mbele ya mkubwa wao hakikubuniwa na waandishi wa Hollywood. Kina historia, na kina makaburi.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, Visiwa vya Canary. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa jirani, Gran Canaria, kwa hiyo ndege nyingi zilielekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos. Mbili kati yake zilikuwa Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Wakati wa kuondoka ukungu ulitanda, mnara wa kuongozea ndege hauzioni ndege, na ndege zenyewe hazionani. Pan Am ilikuwa bado inatembea kwenye njia ile ile ya kurukia. KLM ilikuwa imesimama mwisho wa njia, tayari.

Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika kwenye matangazo yao. Rubani msaidizi aliyekaa pembeni yake alikuwa amefanyiwa mtihani wa kuirusha 747 na huyo huyo. Hebu fikiria umekaa na mwalimu aliyekusahihishia mtihani, halafu unaona anakosea.

Mara ya kwanza van Zanten aliposukuma injini, msaidizi alimkumbusha kwamba bado hawajapata kibali kutoka mnarani. Rubani mkuu akamwambia aulize. Akauliza. Wakati bado anajibizana na mnara, mkubwa akaanza kuondoka tena. Safari hii msaidizi hakumzuia. Ndege ikiwa tayari inakimbia, mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yao akauliza kama ile Pan Am imeshatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege mbili ziligongana. Wote 248 waliokuwa kwenye KLM walikufa. Kwenye Pan Am walikufa 335, wakanusurika 61. Jumla ya waliokufa ni 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Sisemi kimya peke yake ndicho kilichoua. Kulikuwa na ukungu, mawimbi ya redio yaliyogongana, haraka ya kuondoka kabla saa za kazi za marubani hazijaisha. Lakini mle ndani palikuwa na mtu aliyekuwa na swali sahihi. Aliliuliza mara moja, akajibiwa na mkubwa, akatosheka au akaogopa. Sauti zao zilibaki kwenye mashine ya kurekodi.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United namba 173 ilizunguka juu ya Portland, Marekani, karibu saa nzima, rubani mkuu akihangaika na hitilafu ya magurudumu. Mhandisi wake aliona mafuta yanakwisha. Alisema, lakini alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha baba mkwe deni. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 10 wakafa.

Baada ya hapo wakubwa wa usafiri wa anga walifanya kitu ambacho nadhani ni moja ya mapinduzi makubwa ambayo hayana sanamu mjini. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha juu ya makosa ya marubani, na mwaka 1981 United ikaanza kufundisha wafanyakazi wake namna ya kumwambia mkubwa kwamba anakosea, na kufundisha wakubwa namna ya kuambiwa. Yaani kusema kukawa sehemu ya kazi, kama kufunga mkanda. Tarehe 19 Julai 1989 ndege nyingine ya United, namba 232, ilipoteza mifumo yake yote ya kuiongoza ikiwa hewani. Ndani walikuwamo watu 296. Kwa hesabu za kawaida hakuna aliyepaswa kupona. Rubani mkuu Al Haynes na wenzake, pamoja na mwalimu wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, waliisaidiana kwa kuambizana kila kitu mpaka Sioux City. Watu 112 walikufa, lakini 184 walipona. Haynes alisema miaka yote iliyofuata kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowasaidia.

Kwa hiyo Voyager inapopaa kwenye televisheni mwaka 1995, marubani halisi wa dunia hii walikuwa wameshafundishwa kwa miaka 14 kwamba nahodha huulizwa. Mabaharia wa karne ya 24 wakawa nyuma yao.

Wanasaikolojia nao walikuwa wameshalipima jambo hili. Mwaka 1961 Stanley Milgram, katika Chuo Kikuu cha Yale, alianza majaribio yake yanayojulikana sana. Mtu wa kawaida anaambiwa na mtaalamu aliyevaa koti ampige mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu, na shoti inaongezeka. Shoti zilikuwa za uongo, kilio kilikuwa cha kuigiza, lakini mpigaji hakujua. Katika jaribio linalotajwa zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mpaka volti 450, mwisho wa mashine. Majaribio hayo yamekosolewa sana baadaye, kwa maadili yake na kwa namna yalivyoendeshwa, na ni haki. Lakini kuna toleo moja ambalo watu hulisahau. Milgram aliweka wapigaji watatu pamoja, wawili wakiwa watu wake. Katikati ya jaribio mmoja wa hao wawili akagoma, kisha wa pili naye akagoma. Unajua ni wangapi kati ya 40 waliofika mwisho? Wanne.

Mtaalamu alikuwa yule yule na mashine ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimsikia mwenzake akikataa. Ndiyo maana naona kimya cha kwenye usukani wa Voyager ni kizito kuliko uamuzi wenyewe. Kila aliyenyamaza alikuwa anamfundisha wa pembeni yake kunyamaza.

Sasa, mimi ni mwandishi wa gazeti, na lazima nijitahadharishe. Mfano unaopendwa kwenye mada hii ni wa Kitty Genovese, binti aliyeuawa Queens, New York, tarehe 13 Machi 1964. Gazeti la New York Times liliandika kwamba majirani zaidi ya thelathini walishuhudia na hakuna aliyepiga simu wakati wa shambulio. Dunia nzima ikaamini, vitabu vikaandikwa. Baadaye ikaonekana habari ile ilitiwa chumvi sana: wengi walisikia tu sauti bila kujua ni nini, na mama mmoja jirani alishuka akamshika Kitty mikononi mwake. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba habari ile ilikuwa na kasoro kubwa. Kwa hiyo tusikimbilie kusema binadamu ni mawe. Mara nyingi watu hunyamaza kwa sababu kila mmoja anadhani ameona peke yake, au anadhani mwenye cheo ameshaona.

Na hili ndilo jibu langu kwa yule jamaa yangu aliyesema, "Kaka, chombo kina nahodha mmoja, wakianza kupiga kura kila jambo watafika lini?" Hoja ina uzito. Chombo si kijiwe. Pengine wengine walikuwa na rafiki yao Tuvok moyoni, pengine walikubaliana na Janeway kabisa. Basi wangesema hivyo! Mwenzio anakuuliza usoni kama unaona ni haki afe. Kama unaona ni haki, mwambie ni haki. Kama unaona si haki, mwambie nahodha. Kusema si kuasi. Daktari alisema, hakumpiga nahodha ngumi wala hakuteka chombo, na mwisho nahodha alifanya alichotaka. Lakini daktari ndiye pekee aliyemlazimisha Janeway afanye kwa mkono wake, na ndiye pekee ambaye Tuvix alimsikia. Na utani mchungu ni kwamba daktari wa Voyager si mtu. Ni programu ya kompyuta yenye umbo la mwanga.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba jambo hili lilitokea kwenye Star Trek. Maana tamthilia hii ilianza mwaka 1966 kwa kumkalisha mwanamke mweusi kwenye chumba cha usukani, Luteni Uhura, na jina lake limetoka kwenye neno letu, uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alifika siku ya usaili na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na Roddenberry akalipenda neno, likalainishwa likawa Uhura. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha. Alisimulia pia kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemwambia kuwa hana haki ya kuacha kiti kile kwa sababu mamilioni wanamwona. Huyo King ndiye aliyeandika kutoka jela ya Birmingham mwaka 1963 kwamba wanaomkatisha tamaa ni watu wema wa wastani wanaosubiri wakati mzuri zaidi. Na tarehe 4 Aprili 1967, alipoona hawezi tena kunyamazia vita vya Vietnam, alisema hadharani mjini New York. Magazeti makubwa ya nchi yake yakamshambulia, na baadhi ya rafiki zake wakamkwepa. Alijua bei yake na akailipa. Kwa hiyo tamthilia iliyobeba neno uhuru na iliyoguswa na mtu yule ilikuwa na deni kwa Tuvix.

Nilipofika hapo Jumamosi, yule mwanasheria wetu akaniuliza swali moja: "Wewe ungesema?" Nikajibu haraka, "Ningesema." Akatabasamu tu. Nikaenda kulala, usingizi ukagoma.

Kwa sababu mwezi mmoja kabla, kwenye kikao cha asubuhi cha chumba cha habari, mwandishi wa kujitegemea, kijana anayelipwa kwa kila habari inayotoka, alisimamishwa mbele yetu. Habari yake ilitoka na tarakimu ya uongo na watu wakalalamika. Yeye akasema tarakimu hiyo haikuwa yake. Ni kweli haikuwa yake. Iliingizwa mezani usiku, nami nilikuwapo, na nadhani tulikuwa watatu tulioona. Kijana alizungusha macho kwenye meza ile ndefu. Mimi nilikuwa naandika kitu kwenye daftari. Nimelifungua daftari lile jana: nilikuwa nachora viboksi. Akaambiwa asilete tena habari. Tukaendelea na ajenda. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nilikutana naye wiki mbili baadaye kituo cha daladala. Nikaanza kujiumauma. Akanikatisha kwa upole: "Usijali kaka, najua. Ungefanyaje?" Akapanda gari lake. Alinisamehe, kama Tuvix alivyowasamehe wale. Ndugu msomaji, hakuna kofi linalouma kama lile.

Jumatatu hii nilikwenda kwa mhariri na kumwambia nilichokiona usiku ule. Sikuwa shujaa, sauti ilitetemeka, na nilikuwa nimechelewa mwezi mzima. Alinisikiliza, akasema atalitazama. Nilipotoka, mwenzangu mmoja alinivuta pembeni na kuniuliza nilikuwa nafuata nini. Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hata mimi niliona." Nikamwambia mlango ule pale.

Sijui kama ameingia. Nitawaambia wiki ijayo. Wakati huo huo, kama una nafasi tafuta "Tuvix" ukitazame, na ukifika kwenye lile tukio usimtazame Janeway. Tazama watu waliosimama nyuma yake.